Niliyemwacha ni Mbwana, Jina ni la Mke Wangu

Mpendwa Bi Mwanatumu,

Shikamoo, na baada ya salamu naomba unisaidie, kwa maana tangu Jumamosi ya wiki iliyopita sijui kama mimi ni mtu mwenye mke au sina, na kila ninayemwuliza hapa Msambweni ananizidishia kizunguzungu.

Mimi ni mpiga kodiani katika klabu yetu ya muziki, tunapiga harusini na sikukuu, na mwaka huu, kwa kuwa sasa tuna Uhuru na kila mtu ameambiwa ajenge taifa kwa alichonacho, Bwana Chengo wa Maendeleo ya Jamii alitoka Kwale akatuomba tutunge mchezo wa kuwafunza wanaume waache kutoa talaka ovyo, basi tukautunga, na kwa kuwa kwetu mwanamke hapandi jukwaani mbele ya wanaume, Mbwana mpiga ngoma ndiye aliyefanywa mke, na mume nikafanywa mimi, ingawa miaka yote nimekaa nyuma ya waimbaji na hakuna aliyewahi kunitazama.

Sasa Mbwana hakuwa na nguo za kike, nikaenda nyumbani kuomba leso za mke wangu, Mwanarusi, zile nyekundu nilizomletea Idi, naye akanipa shingo upande, kwa sababu wiki ile tulikuwa tumegombana, aliniambia niko kwenye harusi za watu wote ila nyumba yangu mwenyewe siijui.

Alasiri tukacheza kwenye kiwanja cha skuli, wanaume huku na wanawake kule, na Mwanarusi akiwa katikati ya wenzake. Nilipofika mahali pa hasira nilitakiwa niseme, "Kibibi, nimekuacha talaka tatu," maana Kibibi ndilo jina la yule mke wa mchezoni, lakini nilipogeuka nikaziona zile leso, wallahi Bi Mwanatumu, ulimi ukasema, "Mwanarusi, nimekuacha talaka tatu!" Kiwanja kizima kikanyamaza, wengine wakatokwa na machozi, kisha wakapiga makofi hata Mbwana akasahau kuwa zamu yake ilikuwa kulia.

Mwanarusi alijitanda akaondoka, akaenda moja kwa moja kwa baba yake, na baba mkwe amesema eda ameanza kuihesabu tangu siku hiyo. Imamu wetu asema talaka haina mzaha, ukiitamka imepita, mwalimu wa chuo cha Kurani asema niliyemwambia ni Mbwana na maneno yalikuwa ya mchezo kwa hiyo sikumwacha mtu, na Salimu, mkubwa wa klabu, yeye asema nimefanya jambo zuri mno, Bwana Chengo amelipenda, anatutaka Matuga mwezi ujao, nami nisithubutu kusema Kibibi tena, niseme Mwanarusi vilevile. Nilikwenda kwa mkwe, Mwanarusi akaja mlangoni akaniuliza, "Jina langu umelitoa wapi?" Nikageuka, nikarudi.

Na hili sijamwambia mtu. Watu waliponyamaza vile, nilisikia raha. Sijui ilikuwa raha ya kusikilizwa au raha ya kumwacha, kila nikijiuliza sipati kitu. Je, nina mke au sina? Na Matuga niende?

Mpiga Kodiani, Msambweni


JIBU

Marahaba, mwanangu. Lo, makubwa haya! Nilimcheka Mbwana mpaka mbavu zikaniuma, kisha nikafika mwisho wa barua yako nikaacha kucheka.

Mimi si kadhi, na hao wanaokuzungusha kichwa si makadhi pia. Acha kupita vibarazani ukiokota hukumu. Nenda kwa kadhi wiki hii hii, wewe na mkweo na Mwanarusi mwenyewe, na Mbwana awe shahidi, lakini tafadhali avae kanzu. Chukua na karatasi za mchezo ili aone palipoandikwa Kibibi. Mweleze yote, na ile raha yako usiifiche, kwani ukimficha atahukumu jambo ambalo halikutokea. Mpaka aseme, usimwite mke na usimwite mtalaka.

Matuga huendi. Mwambie Salimu kama watu hawawezi kulia bila jina la mke wako, basi mchezo wenyewe ni mbovu, autengeneze. Na Bwana Chengo mwambie kwa adabu kwamba mchezo wa kuzuia talaka huenda umeshaleta moja, yatosha.

Sasa wewe. Nguo zilikwisha Msambweni nzima, hata ukamvue mtu uliyegombana naye umvishe mpiga ngoma? Astaghfirullahi! Raha ya kusikilizwa sikulaumu, umekaa nyuma miaka mingi, na pole kwa hilo. Nakulaumu kwa sababu wiki ile nzima kulikuwa na mtu nyumbani mwako anayetaka kusikilizwa, nawe ukamchukulia leso ukaenda zako.

Umeniuliza mimi kama una mke. Yeye alikuuliza swali moja, na badala ya kumjibu ukaja kuliandikia gazeti. Rudi kule mlangoni, mbele ya baba yake, umjibu. Kama jibu lako ni "sijui", mwambie sijui, na hiyo raha mwambie, na akikasirika usimkatize, mwache aseme mpaka amalize, hata ikichukua siku nzima na una harusi ya kupiga.

Kadhi atakuambia kama ndoa ipo. Kama Mwanarusi anaitaka, hilo kadhi halijui, na hujamwuliza bado.