Hapo Tu Yako, Baba Zuhura

Baba Zuhura mpendwa,

Wanasema marehemu hasemwi ila kwa mema. Mema yako waliyasema wengi msibani, nami nikasikiliza. Leo nakusema kwa jambo moja: ile "hapo tu" yako.

Unakumbuka uliponipeleka kwenye maporomoko ya maji mara ya kwanza? Ndoa yetu ilikuwa bado changa. Nilikuuliza kama ni mbali, ukanijibu, "Hapo tu, nyuma ya mikorosho ile." Nikavaa kandambili. Mikorosho tukaipita, tukapita mashamba ya muhogo, tukaingia kwenye mianzi, mto ukizidi kelele pembeni yetu na vilima vya Rondo vikizidi kusimama mbele. Kila nilipouliza, kidole chako kilionyesha mahali papya. Tulipofika, kandambili moja ilikuwa imekatika. Niliyapa maji mgongo nikala muhogo wa kuchoma.

"Geuka basi uone, bibie."

"Nitageuka nikimaliza kukasirika."

Ulicheka mpaka ukateleza, ukakaa majini na nguo zako.

Tabia hiyo ungezikwa nayo, nisingelalamika. Lakini umemrithisha Zuhura. Tangu uondoke, yeye ndiye anayewapandisha wageni, na ndiyo kazi inayomweka hapa Rutamba. Masika yaliyopita alikuja bwana mmoja wa Dar na mchumba wake, viatu vyeupe. Njia nzima ikawa, "Sista, hapo tu ya wapi hii?" Walichelewa kufika juu. Mvua ikanyesha Rondo, huku chini jua linawaka, na wewe unaujua mto ule ukishiba huko juu. Walikwama ng'ambo mpaka jioni, yule binti analia, Zuhura anamshika mkono na kumwambia maji yatapungua. Yalipungua. Nilipowaona wanaingia uani wamelowa, niliwapa kanga wajifute. Nilisema walipokwisha ondoka.

"Utawaambia ukweli, au hupandi tena."

"Mama, nikiwaambia ni asubuhi nzima, nani atakuja? Baba aliwapeleka hivyohivyo miaka yote."

"Baba yako alikuwa na bahati. Wewe unayo?"



Jumamosi iliyopita walikuja watu kutoka Lindi mjini, gari limejaa. Zuhura akasimama mbele yao, sauti kavu: "Ni mbali. Mtachoka. Maji yakibadilika rangi tunarudi, hata kama maporomoko tunayasikia." Mwanamume mmoja akawageukia wenzake, "Si niliwaambia twendeni ufukweni?" Wakarudi garini. Walibaki dada wawili, nikafuatana nao, maana nilitaka kuona mwenyewe.

Pale pa kuvukia maji yalikuwa mekundu. Tuliyasikia maporomoko nyuma ya miti, karibu kabisa. Zuhura akaangalia mto, akaniangalia mimi. Nikatazama pembeni. Akasema, "Basi. Mwisho hapa." Wale dada wakakaa juu ya jiwe wakala mabibo, wakapiga picha mianzi na ukungu uliokuwa mlimani. Mwanao alikuwa anakunja na kukunjua upindo wa kanga yake. Jumamosi nzima imepotea, na mimi ndiye niliyemwambia aseme.

Nilikuwa sahihi, Baba Zuhura, na haikunifurahisha. Siku ile ya kandambili ungeniambia ukweli, ningebaki nyumbani nikapika, na mahali pale nisingepajua mpaka leo. Hilo linaniudhi kuliko uongo wenyewe, maana siwezi kuja kukugombeza.

Jana wale dada walipiga simu. Watarudi kiangazi na wenzao, wanauliza wavae viatu gani. Nilimpa Zuhura simu ajibu mwenyewe, nikaenda jikoni, nikamsikia anawaeleza njia yote, kilima kwa kilima, hapunguzi kitu.

Mungu akupe kauli thabiti huko uliko, maana duniani ilikushinda.

Mkeo,
Mama Zuhura