Aliyechungulia Kweli

Nyumba ya Kona,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Na wifi yangu, kile kikohozi kimepona au bado mnadanganyana kuwa ni vumbi? Sisi huku wazima, ila mimi usingizi umenipaa.

Kitinda mimba wetu alikuja nyumbani kwa ruhusa ya siku mbili. Ni miaka minne sasa yuko wodi ya mahakama, kule hospitali ya akili, tangu alipomkata kwa kisu fundi viatu jirani yetu akidai anamchungulia. Wanafikiria kumtoa. Muuguzi wake ana fomu yenye safu mbili: yanayoweza kumrudisha kwenye hatari, na yanayomkinga. Kwenye kinga wameandika dawa, kazi ya bustani, na mimi dada yake.

Kinga gani, Kaka! Kabla hajafika nilishaficha visu vyote ndani ya debe la unga. Akakata vitunguu kwa ukingo wa kijiko, kimya, na hilo likanitia shaka zaidi. Nani anakata kitunguu kwa kijiko asiulize? Alipokuwa anaoga nikahesabu vidonge vyake. Vilitimia. Nikasema basi anavitema. Nikaanza kumchungulia kwenye tundu la ufunguo, usinicheke.

Jumatano muuguzi akanipigia simu. Wodini wamemfundisha kuzijua dalili zake, na ya kwanza ni hiyo: akihisi anachunguliwa, aseme mapema. Aliporudi tu akajisalimisha mwenyewe. "Imeanza tena," alisema. "Nimemwona dada kwenye tundu la ufunguo, na dada hawezi kunifanyia hivyo."

Wamemwongezea dozi. Kikao cha kumtoa ni Alhamisi tarehe 27, na sasa wanasitasita. Mimi nilijibu "asante, muuguzi", nikakata simu. Naona haya, Kaka. Yeye alikuwa mzima.

Kesho naenda kusema ukweli. Najua wataniondoa kwenye kinga, pengine wanihamishie safu ya hatari, na bila ndugu wa kumpokea hawamtoi. Nitawapa namba yako. Alhamisi hiyo simu ikilia, pokea. Usiniambie baadaye ulikuwa mkutanoni, nakujua.

Nisalimie wifi, watoto na shangazi. Mungu awalinde mnapolala na mnapoamka.

Wako akupendaye,
Dada yako.

Visu nimevirudisha kabatini, isipokuwa kile kikubwa. Nimejaribu mara mbili, Kaka. Bado kimo kwenye unga.