Sahani za Vumbi, Barabara ya Magongo

Jumatatu, 3 Februari
Sahani zote zimo madirishani. Kumi nyumba za kando ya barabara ya Magongo, kwa wenyeji. Kumi mitaa ya ndani, kwa wapangaji wa bara. Baada ya wiki tupime vumbi, tujue kama barabarani ni jingi zaidi. Bi Zuhura kanipa dirisha la chumba cha mjukuu wake. Mtoto akohoa tu. Malori ya bandari ya Kipevu hayakatiki pale.

Jumatatu, 10 Februari
Nimekusanya za ndani. Za barabarani kazifuata Mutua, mwenzangu wa mradi, mtu wa Machakos. Karudi midomo yang'aa mafuta, awasifu kina mama wa Pwani. Haya.

Jumanne, 11 Februari
Hesabu imekataa. Tulitaka p iwe chini ya 0.05, ndipo tuseme tofauti ni ya kweli, si bahati tu. Imetoka 0.6. Ati barabarani na ndani mamoja! Uongo mtupu. Lile vumbi nimelimeza mwenyewe. Na mradi watakikana Ijumaa ya tarehe 21, la sivyo wenzangu wahitimu, mimi nibaki. Naogopa hata kumwambia mama.

Jumatano, 12 Februari
Mutua ataka tupike nambari. Nani atajua? Tumegombana kantini, watu wakitutazama. Wallahi nilikaribia kukubali. Nikamwuliza kwa hasira, kwani sahani ulizikuta vipi? Safi, asema. Na mahamri juu.

Lahaula! Niliwaambia kina mama nitaifuata sahani yangu. Mwanamke gani wa Kiswahili arudisha sahani ya mtu chafu, tena tupu? Wameosha, wametia chakula. Wale wapangaji washinda kazini, hawakuzigusa. Mutua kala, kafuta makombo, kapima mafuta yaliyobaki kama vumbi. Nimecheka, kisha nimelia. Kosa ni langu, sikuwaambia wasioshe.

Alhamisi, 13 Februari
Tumeanza upya. Nyumba kwa nyumba nawasihi, msioshe, msitie kitu. Bi Zuhura kaudhika. "Nikurudishie na uchafu wake, mwanangu? Nitasemwaje?" Zikiharibika tena, nimekwisha.

Jumapili, 16 Februari
Sijalala vizuri. Naomba mvua isinyeshe. Naomba malori yazidi.

Alhamisi, 20 Februari
Sahani ya Bi Zuhura nyeusi tititi. Mutua kapiga hesabu, mimi nimefumba macho. 0.003. Nimepiga kigelegele, maabara nzima ikageuka.

Ijumaa, 21 Februari
Tumewasilisha. Jaribio la kwanza pia tumeliandika, na mahamri yake.

Jioni nimempelekea Bi Zuhura tambi katika sahani ileile. Kaniuliza kama nimefaulu. Nimefaulu, bibi. Akamshukuru Mungu. Chumbani mtoto akohoa. Wiki nzima nimeomba dua vumbi liwe jingi dirishani kwake.

Nimemwambia zile nambari zasema nini. Kisha tumekishika kitanda cha mtoto, yeye huku, mimi kule, tukakihamishia chumba cha nyuma.