Baba, Kibao Chetu Kimefika

Mwaka umekatika, Baba, tangu asubuhi ile ulipomwomba Mama akuongezee sukari kwenye chai. Alikukatalia, kama alivyokukatalia tangu daktari akukataze, akageuka kuepua sufuria, na alipokurudia ulikuwa umeshatutoka. Mpaka leo anasema angejua angekumiminia kopo zima.

Leo tumekusanyika sebuleni, wanao wote watatu, tukuandikie maneno haya. Mama amekaa kwenye kiti chako, kile kinacholia ukikiegemea, na ametoa amri moja tu: "Msimpambe sana. Akiona sifa tupu atajua hamkuandika nyinyi." Basi tutajaribu.

Mtaa ulikujua kama mjumbe wa baraza la mtaa. Sisi tulikujua kama mtu wa kutafutwa. Chakula kikiwa mezani, wewe uko mtaroni, suruali umeikunja hadi magotini, unaonyesha pa kuzibua. Mgeni akija kukuona, wewe uko kwa majirani waliogombania kamba ya kuanikia nguo, na hutoki huko mpaka wameanika pamoja. Gari la taka likikosa kuja wiki mbili, unavaa shati lako la vikao na kwenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya jiji mpaka wakuchoke. Hukuwa na hasira wala maneno makali, ulikuwa na makalio magumu tu. Hayo ni maneno ya Mama, tumeyaacha kama alivyoyasema.

Kazi yako hasa ilikuwa kuandika mabango. Nusu ya maduka ya hapa yana mwandiko wako juu ya mlango. Ulifuta mikono nyuma ya suruali, kwa hiyo Mama alijua kwa kukutazama mgongoni tu kama siku hiyo ulikuwa kwa muuza dawa au kwa fundi saa. Penseli ilikaa nyuma ya sikio lako, nawe uliitafuta nyumba nzima huku ukitulaumu sisi.

Ndiyo maana baraza lilipoambiwa kila nyumba iwe na namba, na orodha ipelekwe ofisi ya jiji, ulinyoosha mkono kabla mwenyekiti hajamaliza kusoma barua. Ulipita mlango kwa mlango ukihesabu. Ukakata vibao vya upana wa sahani, ukaviandika kimoja kimoja, nyeusi juu ya nyeupe, na kivuli kidogo cha kijivu kwenye kila tarakimu ingawa hakuna aliyekuomba kivuli. Wiki tano nzima ua wetu ulitandazwa namba zinazokauka, tukawa tunapita kwa kuruka. Halafu ukaenda kuvifunga mwenyewe, skrubu mbili kila mlango.

Tangu hapo uliacha kuwaita watu kwa majina. "Umeamkaje, mia moja na nne?" "Themanini na nane, nywele zangu unazikata lini?" Nao waliitika, tena kwa furaha.

Siku ulipofika upande wetu, Mama hakuwepo. Alikuwa amekwenda kumlea mzazi, binti yako mwalimu. Ulimfungia kinyozi, jirani yetu wa kulia, themanini na nane. Jua lilikuwa kali, na mlango unaofuata ulikuwa wako, basi ukaingia. Ukajipikia chai, bila shaka na sukari ya kutosha maana mlinzi alikuwa safarini, ukanyoosha miguu, ukasinzia. Ulipoamka ulichukua bisibisi na kapu lako, ukaenda moja kwa moja kwa fundi cherehani, jirani yetu wa kushoto, ukamfungia kibao kilichofuata. Themanini na tisa. Ukaendelea hivyo siku mbili nyingine, hadi mwisho wa mtaa kwa muuza mkaa: mia mbili kumi na mbili.

Mama aliporudi, orodha ilikuwa imeshafika ofisini na muhuri umeshagongwa. Alishuka na mizigo yake, akatazama kwa kinyozi, akatazama kwa fundi cherehani, akatazama mlango wetu, mtupu.

"Baba watoto, sisi namba yetu ngapi?"

Ulitazama mlango. Ukatazama wa fundi. Ukavua kofia, ukakuna kichwa.

"Sisi tunajulikana," ukasema.

Wiki hiyohiyo ulimtengenezea kifuniko cha ndoo ya maji, ubao mzuri uliopigiliwa bati kwa chini usioze kwa unyevu, ukamkabidhi kama mtu anayelipa faini. Mama alikipokea bila asante. Lakini alikitumia.

Wala hakunyamaza. Alilipeleka suala la mlango wake barazani kama mkazi yeyote. Nawe, mjumbe wa baraza na mume wake wa ndoa, ukasimama ukapendekeza kanuni: namba za nyumba zisiguswe mpaka kila mwenye nyumba anayehusika asimame mwenyewe kikaoni na kukubali. Ulisema hutaki watu wasumbuliwe kwa kosa lako. Kanuni ikapita. Ulijua fika kwamba baada yetu kuna nyumba mia moja ishirini na nne, na kwamba kikao kikifurika sana kina watu thelathini.

Basi tukawa nyumba ya kuelekezwa kwa mdomo. "Ukiona themanini na nane, bado. Ukiona themanini na tisa, umepita." Barua zetu zilipokelewa na kinyozi, zikatufikia na nywele ndani. Mama ukamwita "Bila Namba", naye akakujibu kwamba aliyemwoa ndiye aliyemfuta. Hata ulipolazwa mara ya mwisho, muuguzi alipouliza namba ya nyumba ajaze fomu, ulicheka mpaka ukakohoa. "Andika nyumba ya mke wangu," ukamwambia.

Tulicheka sote. Lakini tukwambie leo, Baba, kwa sababu hukuwahi kuambiwa: ilimuuma. Siku moja tukiosha vyombo alisema polepole, "Milango yote hii ya mtaa, kasahau mmoja tu, na ndio anaolala." Aliamini baraza lilikuwa limekula nafasi yake moyoni mwako. Alikuzika akiamini hivyo.

Miezi minne iliyopita ikaja habari ya mabomba ya maji. Kila nyumba iliyo kwenye orodha itaunganishiwa. Mama akaenda ofisi ya jiji na kitambulisho chake. Karani, binti mpole tu, akapekua kitabu mbele na nyuma.

"Mama, samahani. Kwenye kitabu nyumba yako haipo."

"Mwanangu, nimeishi humo miaka thelathini na nne. Nimezaa watatu humo. Inakuwaje haipo?"

Karani akampa njia mbili. Ama baraza lirekebishe orodha kabla ya Jumatatu, ama nyumba iandikwe themanini na nane A, yaani banda la nyumba ya kinyozi, na bomba na karatasi zote zitoke kwa jina la kinyozi. Mama akarudi, akakaa kwenye kiti chako bila kuvua viatu.

"Mume kafa, nyumba haipo, na mimi nimekuwa banda la kinyozi," akasema. Alianza kucheka. Hakumaliza kucheka, Baba.

Jumapili baraza lilikaa. Kwa kuwa habari ilikuwa ya maji, ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mama alisimama, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Nimekuja kuikubali hiyo A," akasema. "Kanuni ni ya marehemu mume wangu, siwezi kuivunja na mwenyewe hayupo kuitetea. Andikeni tumalize."

Kinyozi akainamisha kichwa kama aliyeshikwa na kuku wa watu. Mwenyekiti akashika kalamu. Ndipo fundi cherehani akainuka, tepu yake ikiwa bado shingoni.

"Kibao changu kina skrubu mbili tu," akasema. "Mimi nampa Mama themanini na tisa yangu. Nipeni tisini."

Kisha fundi baiskeli, mwenye tisini, akasimama. "Basi mimi tisini na moja."

"Mimi tisini na mbili," akasema muuza dawa.

Wakaendelea kuinuka mmoja mmoja, kila mtu akitoa namba yake na kuomba ya jirani, katibu akitia alama mbio mbio. Mama alibaki amesimama palepale. Alikuwa haamini, na sisi tuliokuwa nyuma yake hatukuthubutu hata kumgusa bega.

Tukafika namba mia moja, kwa Mzee Hapana. Unamkumbuka, ulisema bila yeye mngekuwa mnalala vikaoni. Katika maisha yake hajawahi kukubali ajenda, na mia moja yake anaipangusa kila asubuhi.

"Hapana," akasema.

Ukumbi mzima uliguna. Mwenyekiti akambembeleza: mzee wangu, kazi yenyewe itafanyika Jumamosi, wala hutasumbuka.

"Hapana! Jumamosi ya nini? Orodha inatakiwa kesho. Skrubu mbili nazo zingoje Jumamosi? Mimi mia moja na moja. Nani ana bisibisi?"

Watu walipiga makofi mpaka akakasirika. Waliokuwa hawapo wakafuatwa majumbani. Walikuja na mapovu mikononi, wengine bado wanatafuna, wakasimama, wakasema namba zao. Ilipogonga saa kumi alasiri wote mia moja ishirini na wanne walikuwa wamekubali kwa midomo yao wenyewe, kama kanuni yako ilivyotaka.

Tukatoka. Mama akaleta bisibisi yako, ile yenye mpini uliofungwa kitambaa. Fundi cherehani akawa wa kwanza kufungua kibao chake, akakigeuza apulize vumbi.

Hakupuliza. Alisoma, akasoma tena, kisha akampa Mama.

Nyuma ya kibao, kwa penseli, kwa mwandiko wako ule wa kulala kidogo, kulikuwa na neno moja: *Kwetu.*

Fundi baiskeli akakimbilia kwake, akafungua tisini. Nyuma yake: *Fundi cherehani.* Tisini na moja ilisema *Fundi baiskeli.* Mlango kwa mlango watu wakaanza kupiga kelele. Baba, mtaa wote baada yetu ulikuwa umevaa namba ya jirani kwa miaka saba! Ulihesabu sawasawa. Ulitupa zamu yetu, hukuruka mtu. Ila siku ile uliinuka kutoka usingizini, ukashika kibao cha nyumbani kwako, ukakifunga mlango wa pili. Kuanzia hapo namba ilifuata namba, hukuwa na haja ya kugeuza nyuma.

"Sasa kama alihesabu sawasawa," katibu akauliza, "mia mbili kumi na tatu iko wapi?"

Mama akaingia ndani taratibu. Tulisikia ndoo ikigonga sakafu. Akatoka na kifuniko kinachochuruzika maji, akampa kinyozi, akamwambia, "Bandua bati."

Bati likabanduka. Mia mbili kumi na tatu, na kivuli chake cha kijivu, rangi mbichi kama ya jana.

"Mzee huyu!" Mama akasema. "Alijua! Kumbe alijua! Miaka saba ananiangalia nafunikia maji!"

Alicheka mpaka fundi cherehani akamshika asianguke, kisha kicheko kikageuka kilio, nasi tukamwacha alie. Muuza mkaa aliuliza kama jina lake nalo limeandikwa nyuma. Lilikuwepo zamani, Baba. Mama alikuwa amelisugua kwa majivu kila wiki mpaka likaisha.

Jioni hiyo, kabla ya kulala, alitwambia neno ambalo tunadhani ni lako kuliko letu. "Aliona aibu, basi. Aibu tu. Nami nilidhani nimesahauliwa." Akatabasamu. "Mimi nilimnyima sukari, yeye akaninyima namba. Tumetoka sare."

Maji yameingia wiki iliyopita. Ndoo haina kifuniko siku hizi, na Mama hataki tununue kingine. Kila asubuhi anafungua mlango, anaangalia juu kwenye kibao, anarudi ndani kufungua bomba.

Tunakukumbuka sisi: mkeo, ambaye leo amekuwekea kikombe cha chai na vijiko vitatu vya sukari, binti yako mwalimu, mwanao dereva, na kitindamimba wako aliyerithi penseli na tabia ya kuipoteza, dada yako, yaani shangazi yetu, ambaye bado anasema ulikuwa hivyo tangu mdogo, wakwe zako na wajukuu zako sita. Kinyozi, fundi cherehani na wajumbe wote wa baraza wameomba watajwe. Mzee Hapana tulimuuliza kama naye tumtaje. Alisema hapana, kisha akabaki mlangoni mpaka tulipomwandika.

Hukutusahau, Baba. Nasi hatutakusahau, siku zote za maisha yetu.

Familia yako,
Nyumba namba themanini na tisa.