Banda Moja Nimeliahidi Mara Mbili

Mama Eddah, mshauri wetu, hii barua usiiweke chini ya zingine, mimi si mtu wa kungoja foleni, hapa vilimani juu ya Merigi lori ya chai haiwashi injini kama sijakohoa, uliza yeyote, wote huniita Anko hata wenye mvi kunizidi.

Naomba msaada. Kwa shamba yangu kuna banda la mawe la kupimia majani chai, baba yangu alitoa hiyo ardhi wakati watu wetu walikubaliwa na wazungu kupanda chai, akaitoa kwa mdomo tu, wazee wakanywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, ikaisha, na lile jiwe la pembeni alilibeba peke yake baada ya ng'ombe wanne kushindwa. Siku hizi kiwanda imejenga banda mpya huko lami, hili limeachiwa popo. Sasa majirani wameunda kamati ya kuhifadhi majengo ya zamani, mwenyekiti ni mwalimu mstaafu Dorcus, na wanataka Jumamosi nikubali mbele ya chifu kwamba banda ni la kijiji milele. Nikasimama kwa mkutano nikasema, "Mwalimu, hilo banda likianguka, mnizike chini yake!" Watu wakapiga makofi mpaka nikasikia joto.

Shida ni mwanangu Aron. Anaoa Desemba, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia hiyo kona ni yake, abomoe, mawe ajengee nyumba. Kusikia habari ya makofi akanijia zizini.

"Baba, kumbe unapenda makofi kuliko mimi?"

"Aron, hiyo ni historia."

"Historia gani? Mizani na popo?"

Nikashika ndoo nikatoka zizini, mimi, mtu aliyewahi kufukuza fahali kule Mulot kwa kumwangalia tu.

Mshauri, ndani ya hilo banda kuna misumari ukutani, kila nyumba na wake, wa kutundika kikapu majani yasiharibike wakingoja lori, na hakuna mtu hutundika kwa msumari wa mwingine hata kama amekufa. Wa tatu kutoka mlangoni ni wa Tecla, mama Aron, aliyetuacha huyu kijana akiwa bado shule. Lori ikichelewa wamama wa chai walikuwa wanaimba, nami nasimama nje kama msimamizi wa kazi, kumbe nasikiliza sauti moja tu. Nyumbani siisikii tena. Hapo naisikia kidogo, mvua ikipiga mabati.

Watu hunicheka, "Anko, umesahau koti tena kwa banda!" Ukweli sijawahi kusahau. Nalitundika kwa huo msumari na kuliacha makusudi, ndio asubuhi nipate sababu ya kurudi.

Anko, Merigi

MAMA EDDAH ANAJIBU:

Anko, pole kwa Tecla. Sasa nisikilize, na usikohoe.

Umewaahidi wageni wawili kiti kimoja, halafu unashangaa wakisukumana! Aron hana makosa. Bila shaka mchumba wake ameshaonyeshwa jiko litakuwa wapi, na wewe unamwambia "historia". Habari za fahali umemjaza tangu utotoni, lakini ile moja anayoistahili umeniandikia mimi nisiyekujua. Huyo ni mama yake, Anko. Huenda hata hajui msumari ni upi.

Mpimie kona nyingine, na isiwe ya bondeni inayojaa maji kila masika. Ng'oa chai yako, hata kama ni ile ya karibu na lango, mwite mpima ardhi, Aron aandikiwe. Utaumia, lakini ahadi ni yako. Jumamosi mwambie chifu wazi kwamba uliahidi mara mbili, kisha ploti ya banda iandikwe kwa jina la kijiji, maana mambo ya mdomo na mursik ndiyo yamewafikisha hapa. Mwalimu Dorcus abadilishe mabati yaliyooza. Kuta na misumari asiguse.

Lakini kabla ya hayo yote, kesho mkishakamua, mpeleke kijana bandani, ninyi wawili tu. Mwonyeshe mahali mama yake alisimama. Ng'ombe wanne waache nje. Akilia, usiseme neno. Simama naye tu.