Kitambaa cha Mama Juu ya Kisanduku Chako

Lipangalala,
Ifakara.
9 Agosti 2025.

Mpendwa dada Apolonia,

Shikamoo dada. Hamjambo huko Uholanzi? Shemeji na watoto wanaendeleaje, na ule mguu wako umepona? Sisi tunamshukuru Mungu. Presha ya mama imetulia, na mpunga tumeshavuna, ingawa ndege walitutangulia kidogo.

Kile kisanduku chako cha umeme cha kuhifadhia picha na kuzionyesha kwenye televisheni kilifika salama. Tangu siku hiyo hatuna mazungumzo mengine. Mama amekiweka kwenye kabati la vyombo vya wageni, na kila anayepiga hodi hukalishwa mbele ya televisheni awaone wanao wakiteleza kwenye barafu. "Katuma Apolonia," anasema, huku mimi nikipitisha chai. Mwaka jana nilimnunulia feni, na sijaona mgeni aliyeonyeshwa feni. Wivu ninao, dada, wala sifichi.

Basi nikataka na mimi niwe na changu humo. Unakumbuka jubilei ya miaka hamsini ya ndoa ya wazazi, ile uliyokosa nauli ya kuja? Niliirekodi yote, na ndiyo sauti ya mwisho ya baba tuliyo nayo. Ipo kwenye simu yangu peke yake, na simu yenyewe betri imevimba hadi mfuniko umenyanyuka. Ikifa, baba kaenda mara ya pili.

Picha zako zilikuwa zinaingia bila shida. Video yangu ilifika katikati ikakatika. Nikajaribu tena, ikakatika tena. Nikamwita Nassib, fundi wa simu wa Kibaoni, akabadilisha waya, akasogeza ruta ya waifai karibu na kabati, akajaribu na sinema yake ndefu. Ikaingia yote. Alipoondoka nikarudia ya kwangu, ikagoma. Nikaamini kisanduku kimeelekezwa kupokea mambo ya Apolonia na ya wageni tu.

Kumbe ni mama. Unamjua, hawezi kuacha redio wala televisheni bila kuivalisha. Kisanduku alikifunika kwa kitambaa cheupe nilichofuma mimi, akakikunja mara mbili ili vumbi lisipenye. Nassib alipokuja alikitoa kitambaa hicho kwa adabu ya fundi, na alipomaliza kazi akakirudisha. Nilipofunua nikakuta kisanduku kinaunguza kama pasi na taa yake imezimika. Picha ndogo zilikuwa zinamaliza kuingia kabla hakijapata joto. Video ndefu ilikichosha, kikajizima chenyewe.

"Usikivue, ni kitu cha dada yako," mama akasema.

"Mama, kinakosa hewa."

Alinuna kidogo, akakubali. Feni yangu ikapata kazi ya kukipuliza kisanduku chako mpaka video ikaingia yote. Hata hapo nilikasirika, lakini iliingia.

Wasalimie shemeji, Evod na Natalia. Paskalina wa shangazi anakusalimu pia, anauliza utakuja lini.

Najua unaweza kukifungua kisanduku ukiwa huko, kwa hiyo itazame, na usiiache kabla haijaisha. Baada ya hotuba, baba anageuka upande wa simu na kuuliza kama Apolonia amefika. Utanisikia nikijibu, "Hajafika, baba. Nipo mimi." Naye anasema, "Wewe najua upo."

Jana mama alipofika hapo hakukutaja. Alivuta kiti chake kikagusana na changu, tukakaa hivyo mpaka mwisho. Wewe una kabati zima la vyombo vya wageni, dada. Kwa hicho kiti nakuruhusu unionee wivu.

Mungu awalinde wote nyumbani kwako, na akufungulie njia ya kuja.

Mdogo wako akupendaye hata akinuna,
Balbina