Jagi la Shangazi Ayesha

Mpendwa mshauri Adoch, nisaidie kabla ya Ijumaa,

Mimi ni Lailah wa Kamwokya, naandika huku nacheka na kulia, maana baba yangu Mzee Asuman, dereva mstaafu wa malori, wiki tatu hakunijua, alidhani mimi ni afisa wa forodha na kunionyesha kadi ya kliniki ati karatasi za mzigo, na dada yake, shangazi Ayesha, akasema ni jini, akaleta maji ya dua, jagi baada ya jagi, nami ndiye niliyeshika kikombe, na kila alipokunywa alizidi kupotea hadi akaanguka akitetemeka, tukamkimbiza hospitali ya Mulago, daktari akasema ni saratani ya pafu, uvimbe unatoa homoni inayozuia maji yasitoke mwilini, chumvi ya damu inashuka na akili inavurugika, yaani tulikuwa tunamzamisha wenyewe! Wakampunguzia maji, wakaanza dawa za saratani, na siku moja akafungua macho akasema, "Lailah, mbona umekonda?" Wallahi nilipiga kigelegele mpaka nesi akanifukuza wodini. Sasa yuko nyumbani, uvimbe umesinyaa, ila shangazi anatangaza kwamba maji yake ndiyo yaliyomponya, na Ijumaa ukoo mzima unakuja kwa dua ya shukrani, kila mtu amnyweshe kikombe, baba hawezi kumkatalia dada yake, nami naogopa kumwambia shangazi ukweli, atajiona muuaji. Nifanyeje?

*

Lailah, hongera! Nimepiga kigelegele hapa ofisini, wenzangu wamebaki kunitazama. Mzee anayeona kwamba binti yake amekonda amerudi kweli.

Ila wewe! Umekabili saratani, halafu unamwogopa shangazi? Hakukosea kumwombea, wala wewe kushika kikombe, hamkujua. Sasa unajua, na ukinyamaza, kosa ni lako.

Nenda kwake leo, si Alhamisi. Mpeleke kwa daktari asikie mwenyewe. Kisha mkabidhi chupa yenye kipimo cha siku alichoagiza daktari, chai na mchuzi vikihesabiwa humo, umwambie, "Shangazi, mlinzi ni wewe." Nawajua mashangazi, hata sheikh hatapitisha tone. Dua isomwe, wageni wanywe wao. Mzee akianza tena kuchanganyikiwa, hospitali siku hiyohiyo. Na asikose miadi hata moja ya dawa, maana vita bado.

Ijumaa, kabla wageni hawajaondoka, mwombe baba amwite kila mmoja kwa jina lake. Hapo piga kigelegele chako, na safari hii hakuna nesi wa kukufukuza.